Kumpiga picha tai mlasamaki Ziwa Jilore bila kumuunguza kichwa

Wiki jana nilimpeleka mpwa wangu Ziwa Jilore, magharibi ya Malindi, na kamera yake mpya. Jioni akanionyesha picha: tai ana mbawa, ana kucha, kichwani pana doa jeupe tupu. "Mjomba, lenzi mbovu hii?" Lenzi nzima.

Hatua ya 1: Kufika. Kutoka Malindi, shika barabara ya Sala alfajiri. Ziwa hili hujazwa na Mto Sabaki ukifurika, basi wakati wa ukame ulizia kwanza kama maji yapo. Ukifika, msalimie mvuvi umuulize viboko na mamba wako upande gani.

Hatua ya 2: Kumtambua. Kichwa, kifua na mkia vyeupe, tumbo la hudhurungi, mbawa nyeusi. Akiwa na madoadoa ya kahawia mwili mzima, huyo bado kijana. Yule mwenye utepe mweusi kupita jichoni ni mgeni, huja na kaskazi; naye hula samaki, ila hujitosa majini miguu mbele.

Hatua ya 3: Mwanga. Hapa ndipo nilipopoteza asubuhi nzima, zamani.

Kamera hupima wastani. Ikiona mwili mweusi na miti ya kivulini nyuma yake, hudhani pana giza, huongeza mwanga, na kile kichwa cheupe huungua, yaani huwa doa jeupe tupu. Kikishaungua, hakuna programu ya kukirudisha. Akipita mbele ya anga, kinyume chake: ndege mzima huwa kivuli.

Kwa hiyo weka M, upange mwanga mwenyewe. Kasi ya shata 1/2000 ya sekunde, tundu la lenzi f/5.6 au f/6.3, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) anzia 800. Kisha mtafute yangeyange, ndege mweupe kama kichwa cha tai, hakosekani ukingoni, aliyepigwa na jua lile lile. Mpige. Washa lile onyo la kamera linalometameta palipoungua. Punguza ISO mpaka manyoya yaache kumeta. Basi, usiguse tena. Tai apite mbele ya miti au mbele ya mawingu, jua linalompiga ni lile lile.

Ila: wingu likifunika jua, rudia. Asubuhi mapema jua hupanda upesi, rudia kila baada ya dakika kumi. Usikiamini kioo cha kamera juani, liamini onyo. Na ISO ya otomatiki izime! Mimi nilikuwa kwenye M nikijiona fundi, kumbe ISO inapanda na kushuka yenyewe; picha mia tatu, vichwa vyote vimeungua.

Baada ya saa tatu asubuhi funga kazi. Joto hutetemesha hewa juu ya maji, na picha hazitoki kali.

Hatua ya 4: Kungoja. Jua liwe mgongoni. Tai huruka akielekea upepo, kwa hiyo upepo ukitoka upande wa bahari asubuhi, anakujia usoni. Akiinama mbele na kunya, yu karibu kuruka; kidole kiwe tayari. Miguu mitatu ya kamera siitaki, nzito na inachelewesha. Mfuko wa kunde juu ya ukingo wa mtumbwi unatosha.

Wengine humtupia samaki ili ashuke, kama wafanyavyo Naivasha. Mimi sifanyi. Picha zote hufanana, na tai huzoea mashua.

Jambo moja dogo: usilaze kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi. Ukiitoa nje kwenye unyevu wetu huu, lenzi hulia machozi nusu saa nzima, na ndio wakati tai anavua.