Datasette ya Commodore 64 haisomi kaseti? Skrubu ya hedi iguse mwisho kabisa

Kama una Commodore 64 (C64), ile kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 80, na ile Datasette yake, yaani kideki chake cha kaseti, iwe C2N au 1530, na kila ukiandika LOAD, yaani amri ya kusoma programu kutoka kwenye kaseti, unaishia kwenye ?LOAD ERROR au skrini inabaki tupu dakika kumi hakuna kinachotokea, ushauri wa kwanza utakaopewa na kila mtu ni zungusha skrubu ya hedi, yaani kile kichwa kidogo kinachogusa mkanda na kuusoma. Naomba usiizungushe, bado. Ya kwangu nilinunua kwenye soko la mitumba la Jumapili huku Ujerumani, C64 ziliuzwa nyingi sana huku miaka ya 80 na mpaka leo unazikuta, nikafika nayo nyumbani nikaenda moja kwa moja kwenye skrubu, nikahangaika jioni mbili, kumbe tatizo lilikuwa belti imelegea, na nilipobadilisha belti hedi nayo ilishapotea mahali pake kwa sababu sikuweka alama. Nikawa na magonjwa mawili badala ya moja. Ndo maana naandika hii kwa mpangilio, ufuate hivyohivyo.

Kwanza elewa hii kitu inafanyaje kazi maana ukielewa nusu ya ufundi umemaliza. C64 inaandika programu kwenye mkanda kama mapigo ya urefu wa aina tatu, fupi, la kati na refu, na ikisoma inapima muda kati ya pigo na pigo, basi. Ndani ya Datasette kuna bodi ndogo inayochukua ule mlio dhaifu kutoka kwenye hedi, inaukuza na kuunyoosha uwe mapigo safi kabla ya kuupeleka kwenye kompyuta, ndo maana huwezi kuchukua redio kaseti ya kawaida ukaichomeka pale kama walivyokuwa wanafanya watu wa ZX Spectrum, kompyuta nyingine ya enzi hizo, wao walikuwa na matundu ya EAR na MIC na kideki chochote kilifaa. Sasa kwa vile kila kitu ni muda, chochote kinachofanya mkanda ukimbie ovyo kinaharibu kusoma: belti, kiroli, uchafu, mota. Hedi kukaa upande ni sababu mojawapo tu.

Anza na umeme. Kabla hata hujachomeka Datasette, pima adapta ya C64 kwa maltimita, ule upande wa volti 5 DC. Zile adapta za zamani nzito kama tofali zimejazwa gundi ngumu ndani na zikichoka huwa zinapandisha volti badala ya kushusha, na volti zikipanda zinaua chipu za kompyuta. Ikisoma zaidi ya 5.2 usiitumie, tafuta mpya. Hapa sina mzaha, chipu zingine za hii mashine hazitengenezwi tena.

Afu jambo lingine, usichomeke wala kuchomoa plagi ya Datasette kompyuta ikiwa imewashwa. Hata sekunde moja. Plagi yenyewe inakaa kwenye ukingo wa bodi, nyaya sita: ardhi, volti 5, mota, kusoma, kuandika, na waya wa kuijulisha kompyuta kwamba kitufe kimebonyezwa. Ndani ya plagi kuna kipande kidogo cha plastiki kinachozuia usiichomeke kichwa chini, angalia kama bado kipo maana kwenye nyingi kimeshavunjika, na ukikosea hapo volti zinaenda pasipotakiwa. Ile sehemu ya shaba kwenye bodi ipanguse kwa spirit na kitambaa, utashangaa uchafu utakaotoka.

Sasa washa, usiandike kitu, bonyeza tu PLAY bila kaseti ndani. Kwenye C64 mota inatakiwa ianze kuzunguka yenyewe. Ikizunguka vizuri ruka aya inayofuata.

Isipozunguka, sikiliza kwanza. Kama unasikia mota inavuma lakini ile chuma nyembamba inayovuta mkanda (kapstani) haizunguki, hiyo ni belti imekatika au imeyeyuka. Kama kimya kabisa, pima waya wa mota huku PLAY imebonyezwa, unatakiwa ukute kama volti 6 hivi. Volti zipo na mota kimya, basi ni mota yenyewe au waya umekatika njiani, na mara nyingi unakatikia palepale unapoingia kwenye plagi au unapoingia kwenye kasha, kwa sababu watu wamevuta ule waya miaka arobaini. Kata hapo waya ulipochoka, menya, chomelea upya. Volti hakuna, andika LOAD ubonyeze RETURN: kompyuta itasema PRESS PLAY ON TAPE, ukibonyeza ikijibu OK maana yake waya wa kitufe uko salama, na tatizo liko kwenye kompyuta upande wa kuwasha mota, mara nyingi ile transista inayolisha mota, au mguu wa chipu ya 6510 yenyewe, ile prosesa ya C64, unaoiamrisha. Transista ni bei ya soda. 6510 ni habari nyingine.

Tuje kwenye belti, hapa ndo penye ugonjwa wa wengi. Chomoa kila kitu, geuza, fungua skrubu za chini, nyanyua kasha taratibu maana nyaya ni fupi. Utakuta belti mbili, moja inatoka kwenye mota kwenda kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozungusha kapstani, nyingine nyembamba ya kaunta ile ya namba. Bonyeza belti kubwa kwa kidole: ikirudi haraka ni nzima, ikibaki imelegea imechoka. Nyingine utakuta zimegeuka lami, kweli lami, nyeusi inanata kila mahali, na hiyo usiiguse kwa mkono mtupu maana haitoki kwenye vidole wala nguo. Vaa glovu, chukua vijiti vya pamba na spirit kali ile ya asilimia 99, futa mota na flaiwili mpaka pamba itoke nyeupe, ukibakisha hata chembe belti mpya itakuwa inaruka kila inapopita hapo.

Kupima saizi zungusha uzi kwenye njia ya belti, pima urefu, afu agiza belti fupi kidogo kuliko hapo, kama asilimia 5, ili ikae imekaza. Wale tuliokulia kwa mafundi redio tunajua mbinu ya kutumia rababendi za kufungia pesa. Kwa muziki ilikuwa inapita, sauti inayumba kidogo unavumilia. Kwa data haipiti. Rababendi inavutika na kurudi kila mzunguko, kasi inapanda inashuka, na kompyuta inayopima muda itachanganyikiwa. Nunua belti ya kweli.

Ukiwa umefungua safisha kila kitu. Hedi zote mbili, ya kufutia na ya kusomea, kapstani, na kile kiroli cheusi cha mpira kinachobana mkanda kwenye kapstani. Vumbi la kahawia utakaloliona ni oksidi ya mikanda. Kiroli kikiwa kinang'aa kama kioo maana yake kimekauka na kinateleza, kipitishie msasa laini sana kidogo tu huku ukikizungusha, au badilisha. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bushi ya kapstani linatosha, ukimwaga kwenye belti au kiroli umejiongezea kazi.

Na kaseti nayo iangalie. Fungua mdomo wake uone kile kispanji kidogo nyuma ya mkanda, kikidondoka mkanda haugusi hedi vizuri na utalaumu mashine bure. Ukiona ukungu mweupe kwenye mkanda usiweke ndani ya Datasette uliyotoka kuisafisha. Kaseti iliyokaa miaka mingi ipeleke mbele mpaka mwisho na irudishe yote kabla ya kusoma, itakuwa imeshikana, na ikiwa nzito sana izungushe kwanza kwa kalamu kama tulivyokuwa tunafanya zamani.

Sasa kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakina gharama. Chukua kaseti ambayo huijali, andika programu fupi:

10 PRINT "HABARI"
20 GOTO 10

Afu SAVE "JARIBU", bonyeza RECORD na PLAY pamoja, ikimaliza rudisha mkanda uandike VERIFY. Kompyuta inalinganisha kilichoko kwenye mkanda na kilichoko kwenye kumbukumbu. Ikikujibu OK afu kaseti za dukani bado zinagoma, hapo ndo hedi imekaa upande, kwa sababu hedi iliyopinda inasoma vizuri maandishi yake yenyewe iliyoyaandika ikiwa imepinda vilevile, ila ya mwenzake haiwezi. Ikishindwa hata ilichoandika yenyewe, hedi sio shida, rudi kwenye belti, kiroli na uchafu. Mimi ningefanya hiki kipimo siku ya kwanza zile jioni mbili zisingepotea.

Angalia na hii: kama programu za kawaida za SAVE zinasomeka ila michezo ya turbo, ile iliyorekodiwa isomeke kwa haraka zaidi, inagoma, shuku kasi ya mota. Njia ya kawaida ya C64 inaandika kila programu mara mbili na inajirekebisha kulingana na mlio wa mwanzo wa mkanda, kwa hiyo ina uvumilivu mkubwa, turbo nyingi hazina huo uvumilivu. Kasi sahihi ya kaseti ni sentimita 4.76 kwa sekunde, na nyuma ya mota mara nyingi kuna kitundu kidogo chenye skrubu ya kurekebisha, zungusha kwa upole sana, na pima kwa kaseti yenye mlio unaojulikana, mfano wa 3000 Hz.

Ukishafika hapa na kipimo cha VERIFY kimekuambia ni hedi, sasa tuiguse. Skrubu yake iko pembeni ya hedi ile ya upande wenye springi, na kwenye Datasette nyingi kuna kitundu juu ya kasha, karibu na mlango wa kaseti, unaingiza bisibisi nyembamba PLAY ikiwa imebonyezwa. Ile skrubu nyingine isiyo na springi iache. Weka alama ya mahali ilipo kwa rangi ya kucha au kalamu kabla hujasogeza chochote. Tumia bisibisi isiyo na sumaku maana hedi haipendi sumaku. Weka kaseti ya dukani unayoiamini, ikiwezekana mbili tatu za kampuni tofauti, usipange mashine nzima kwa kaseti moja ambayo pengine yenyewe ndo ilirekodiwa vibaya. Zungusha robo ya robo ya mzunguko, jaribu LOAD, andika kwenye karatasi umeenda upande gani kiasi gani. Kuna programu ndogo za kupimia hedi zinazochora mapigo kama mistari kwenye skrini, ukipata moja kazi inakuwa rahisi sana: unazungusha huku unaangalia, mistari ikiwa mipana imetawanyika bado, ikikaa myembamba imetulia hapo ndo penyewe. Bila programu tafuta pale inapoanza kusoma na pale inapoacha kusoma, afu rudi katikati, usiridhike na pale iliposoma mara ya kwanza maana upo ukingoni na kesho itagoma tena.

Ukiona FOUND na jina la programu, bonyeza kitufe cha Commodore isiendelee kusubiri, iache isome mpaka READY. Rudia na kaseti zote ulizoandaa. Zikisoma zote, tone la rangi ya kucha juu ya skrubu, iache ikauke kabla hujafunga kasha, na ile kaseti yako ya JARIBU iandike upya kwa sababu ilirekodiwa na hedi iliyopinda na sasa haitasomeka.