Breki ya kuegesha: ya mguu, ya mkono na ya umeme

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Uganda kutoka Japani yana breki ya kuegesha inayokanyagwa kwa mguu wa kushoto, na mtu aliyezoea handibreki huweza kuidhania klachi, hasa gizani. Katika baadhi ya magari hayo huachiwa kwa kuikanyaga tena, katika mengine kwa kuvuta kishikio kilicho chini ya dashibodi. Ulizia hilo kabla ya kuliondoa gari. Kwa vilima vya Kampala na milima ya Kabale, mimi bado naipendelea ya mkono, kwa sababu breki kuu ikifeli njiani unaweza kuivuta kidogo kidogo, huku umebonyeza kitufe chake isijifunge, na hata abiria wa mbele huifikia. Ya umeme hukazwa kwa swichi, na katika magari mengi ukiishikilia swichi hiyo gari likiwa mwendoni, kompyuta hulisimamisha. Ila betri ikiisha chaji, haiachii. Yoyote uliyo nayo, ukiegesha gari la otomatiki mteremkoni, kanyaga breki kuu, weka N (gia huru), kaza ya kuegesha, kisha iachie breki kuu taratibu hadi gari litulie, ndipo uikanyage tena na kuweka P (gia ya kuegesha), ili uzito wa gari usiegemee giaboksi.