Bikoni iliyofukiwa
Ndugu zangu wenye viwanja vya zamani huku Tanga, msikubali haraka kuambiwa bikoni, yaani alama ya upimaji kwenye kona ya kiwanja, imeng'olewa. Mara nyingi imefukiwa tu. Chukua ramani ya upimaji, soma umbali wa kila upande, kisha vuta futi kamba kutoka bikoni mbili zilizo jirani nayo zinazoonekana. Kamba zinapokutana, chokonoa kwa nondo nyembamba. Ikigonga kigumu, fukua kwa mikono, si kwa sululu. Yetu kule Pongwe tuliikuta chini ya mizizi ya mkonge, kina cha goti: kizege kidogo, chuma katikati, namba bado inasomeka! Ikiwa imelala, usiinyooshe. Mwite mpima aliyesajiliwa, na jirani awepo.