SOMO: Kuanzisha lakrosi mtaani kwenu ukiwa na stiki chache (maswali yako chini)

Salaam jamani. Inboksi imejaa watu wanauliza ile michezo ya vijana wa Bombo hapa Uganda wanaokimbia na fimbo zenye wavu ni kitu gani na mtu anaanzaje kwao, sasa naweka somo moja hapa kila mtu asome halafu mulize.

Kwa ambaye hajui kabisa: lakrosi ni mchezo wa wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, hasa Wahaudenosaunee, walikuwa wanaucheza karne nyingi kabla Mzungu hajafika na mpaka leo wana timu yao inayoenda Kombe la Dunia kwa jina lao wenyewe. Mpira wa raba unabebwa kwenye wavu wa kichwa cha fimbo, mnapasiana, mnafunga. Kwetu uliletwa kuanzia 2009 hivi na watu wa shirika la Fields of Growth, na 2014 vijana wa Uganda wakaenda kucheza Kombe la Dunia kule Denver, timu ya taifa ya kwanza kutoka Afrika yote. Si Misri, si Afrika Kusini, sisi bana. Na Oktoba 2023 wakubwa wa Olimpiki wakakubali urudi Los Angeles 2028, medali zake mara ya mwisho zilitolewa London 1908.

Hatua ya 1: chagua ya watu 6
Iko lakrosi kubwa ya watu 10 kila upande, wanaume wanagongana kwelikweli, helmeti, glavu, pedi za mabega na mikono. Usianze na hiyo, utakaa miaka unangoja vifaa na watoto watarudi kwa mpira wa miguu. Anza na ile ya 6, kipa akiwa ndani ya hesabu. Robo 4 za dakika 8, timu ikishika mpira ina sekunde 30 iwe imepiga goli, na goli likiingia kipa anatoa mpira wavuni mnaendelea, hakuna kurudi kati kila saa. Uwanja ni mita 70 kwa 36, kwenye uwanja wa mpira wa shule unaingia na nafasi inabaki. Olimpiki pia watacheza hii hii. Mechi rasmi wanaume bado wanavaa helmeti, lakini mazoezi ya mtaani weka sheria hakuna kugusana, tumieni mpira wa tenisi, basi.

Hatua ya 2: ruhusa
Mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), hedimasta, mwalimu wa michezo. Nenda na stiki mkononi waione, maana wakisikia fimbo tu watafikiri unaleta vita.

Hatua ya 3: stiki
Nyingi zinakuja na wageni, kwa hiyo ziandike namba kwa rangi na ziwe na daftari, anayechukua anaweka sahihi. Mti (mpini wa stiki) ukivunjika usitupe kichwa, seremala anakuchongea mti mwingine wa unene ule ule unafunga na skrubu. Wavu ndio wa kuangalia kila wiki. Shika stiki ilale, tia mpira, tazama kwa pembeni: kwa wavulana, ukiona mwanga kati ya mgongo wa mpira na ukingo wa chini wa plastiki, wavu umelegea mno, refa anaitoa. Kwa wasichana ni mkali zaidi, mgongo wa mpira lazima uonekane juu ya ukingo wa juu. Wakati wa mvua kamba zinacheza sana, jioni unaziacha zimekaza na asubuhi zimelegea, kaza tena tu.

Hatua ya 4: ukuta
Hapa ndipo timu inapozaliwa, na hapa ndipo makocha wengi wanaruka kwa sababu hakuna raha. Tafuta ukuta wa darasa usio na dirisha (narudia, usio na dirisha), mtoto asimame kama mita 4 au 5. Mkono mmoja kwenye kitako cha stiki, mwingine juu katikati. Kurusha, mkono wa chini unavuta na wa juu unasukuma, vyote pamoja, ukisukuma wa juu peke yake mpira unapaa unaenda kwa jirani. Kudaka, usiuchape, ukigusa wavu tu unarudisha stiki nyuma na mpira, kama yai umerushiwa. Mkono wa kulia, halafu wa kushoto, hata akilia. Ambaye hana mkono wa kushoto beki atamjua ndani ya dakika mbili.

Na kitu nimekiona, wasichana wa netiboli wanashika haraka kuliko wavulana wa mpira, kwa sababu wamezoea kudaka hewani na kuangalia nani yuko wazi kabla hawajatua. Mvulana wa mpira akiona mpira chini anataka kuupiga teke. Ningekuwa naanza timu leo ningeenda uwanja wa netiboli kwanza.

Hatua ya 5: mpira wa chini
Kwenye udongo wa maramu na manyasi yetu mpira uko chini nusu ya mchezo, kwa hiyo timu inayookota ndiyo inashinda. Kunja magoti kidogo, kitako cha stiki kishuke karibu na ardhi, na upite nao ukikimbia. Usisimame! Anayesimama anauparaza tu. Ukishaingia, leta stiki karibu na sikio na uanze kuibembeza kwa kiwiko na kifundo cha mkono ili mpira ukae.

Hatua ya 6: chezeni mechi mapema, hata kama wanadondosha kila kitu. Watoto hawaji kwa ajili ya ukuta.

MASWALI

Koboko: Kocha, binti zetu wanavaa hijabu, itawezekana?
Jibu: Kwangu wanavaa na leginsi ndefu, hakuna shida. Ifungwe ya kukaza na bila pini. Mchezo wa wanawake hauruhusu kugonga mwili hata hivyo.

Busia: Stiki naweza kupata soko la Owino Kampala au huku mpakani?
Jibu: Sijawahi kuziona sokoni ndugu, usipoteze nauli ya taksi. Tafuta chama cha lakrosi Kampala, uwaambie una watoto wangapi na uwanja uko wapi. Wanaotoa vifaa wanataka kuona watu wanacheza tayari, kwa hiyo anza na hata stiki 4 za kupokezana.

Arua: Magoli tunanunua wapi?
Jibu: Hununui bambi. Ni mraba wa mita 1.83, miti ya mikaratusi mitatu na neti kuukuu ya wavuvi. Chora duara ya majivu kuzunguka goli, washambuliaji wasikanyage ndani.

Jinja: Mpira wenyewe ni mgumu kiasi gani? Mke wangu hataki.
Jibu: Mama yuko sahihi. Una gramu kama 145 za raba tupu, ukikupata mdomoni meno yanakwenda. Wa raba utumieni ukutani, kwenye mechi msiutumie mpaka mpate helmeti, miwani ya kinga na gadi za meno. Kipa yeye asikae golini bila helmeti na kinga ya kifua hata kwa mzaha.

Kampala: Kwa hiyo 2028 tunaenda?
Jibu: Nafasi ni timu 6 za wanaume na 6 za wanawake dunia nzima, na Marekani ni mwenyeji. Hesabu mwenyewe. Mimi nawaandaa wa miaka 12.

Koboko tena: Na mtoto anayetumia kushoto?
Jibu: Mlete huyo, niko tayari kumfuata.