Ripoti ya polisi na faili la mahakama Houston: jinsi ya kuomba bila kuzungushwa

Simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Kaka, nataka karatasi zangu zote za polisi." Hapa Texas hakuna ofisi yenye karatasi zote. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili, na nimesindikiza watu kwenye madirisha haya mara nyingi, wengi wao Wakongo wanaojiandaa kuomba uraia. Kinachowachelewesha ni kilekile: kubisha mlango usiohusika. Mimi si mwanasheria, kwa hiyo kama kesi yako bado inaendelea, mwone wakili wako kwanza.

Hatua ya 1: Jua ni askari gani aliyekuja

Fanya hili kabla hujaandika neno lolote. Ndani ya Kaunti ya Harris, ambamo sehemu kubwa ya Houston imo, kuna polisi wa jiji la Houston, kuna sherifu wa kaunti, kuna makonstebo wa maeneo manane, na kuna hata polisi wa shule. Kila mmoja ana kabati lake la kumbukumbu. Tena usidanganywe na anwani ya posta: nyumba nyingi zinaandikwa Houston lakini ziko nje ya mipaka ya jiji, na huko anayefika ukipiga simu ya dharura, 911, mara nyingi ni sherifu au konstebo.

Niliwahi kuingia mtego huo mwenyewe. Nilimwandikia jirani ombi nikalipeleka jijini kwa sababu anwani yake inasema Houston. Tulingoja wiki mbili, jibu likaja mstari mmoja: hatuna kumbukumbu hiyo. Kumbe aliyefika usiku ule alikuwa naibu wa sherifu, na kadi yake ilikuwa imebandikwa kwenye friji muda wote. Juu pameandikwa idara, chini namba ya tukio kwa kalamu.

Ajali ya gari ina njia yake. Ripoti yake unaipata kwa Idara ya Uchukuzi ya Texas, TxDOT, kwa mtandao: dola 6 nakala ya kawaida, dola 8 iliyothibitishwa. Ukiwa ulihusika katika ajali unapewa ripoti kamili.

Hatua ya 2: Tenganisha polisi na mahakama

Polisi, sherifu na konstebo wanabanwa na Sheria ya Taarifa za Umma ya Texas, sura ya 552 ya Kanuni za Serikali (Government Code). Mahakama hazimo katika sheria hiyo. Faili la kesi linaombwa kwa karani wa mahakama, kwa utaratibu wake na bei yake. Ukichanganya viwili hivi katika barua moja, utajibiwa nusu, au usijibiwe kabisa.

Hatua ya 3: Andika ombi la polisi

Lazima liwe kwa maandishi: barua pepe, posta, mkononi, au fomu ya mtandaoni ya idara yenyewe. Lipeleke kwa Kiingereza, lakini maneno yawe machache kama haya:

"Kwa mujibu wa sura ya 552, naomba nakala ya ripoti ya tukio namba (andika namba), la tarehe (andika tarehe), katika anwani (andika anwani). Waliohusika ni (majina na tarehe za kuzaliwa). Kama sehemu yoyote itazuiwa, naomba mnipe taarifa za msingi. Nitumieni kwa barua pepe hii."

Basi. Usisimulie ugomvi ulivyoanza, wala usieleze unaitakia nini. Sheria inawakataza kukuuliza sababu. Wanaloruhusiwa ni kukuomba ufafanue unachotaka, na wakikuomba, jibu upesi. Ukinyamaza siku 61 ombi lako linahesabiwa kuwa umeliondoa.

Gharama si ya kutisha. Nakala ya kawaida ni senti 10 kwa ukurasa, na ombi la kurasa 50 au chini yake kwa kawaida halitozwi muda wa mfanyakazi. Bili ikielekea kuzidi dola 40 ni lazima wakutumie makadirio kwanza. Hapo ndipo watu wengi huangukia: makadirio yanaingia kwenye barua taka, siku 10 za kazi zinapita bila jibu lako, na ombi linakufa. Pekua barua taka kila siku.

Hatua ya 4: Soma jibu vizuri

Siku 10 za kazi unazozisikia hazimaanishi kwamba siku ya kumi karatasi iko mkononi. Wanatakiwa kukupa haraka iwezekanavyo; wasipoweza ndani ya siku hizo, wakuandikie watakupa lini. Wakitaka kukunyima, mara nyingi wanapaswa ndani ya siku hizohizo kumwomba Mwanasheria Mkuu wa jimbo uamuzi, naye ana siku 45 za kazi. Wewe utapata barua ya kukujulisha. Watu huisoma wakadhani wamekataliwa. Bado, na una haki ya kumwandikia Mwanasheria Mkuu maoni yako.

Hata uchunguzi ukiwa unaendelea, kuna kiasi cha taarifa kisichofichwa: aina ya kosa, mahali, saa, maelezo ya tukio, jina la aliyekamatwa. Haya tunayapata kwa sababu ya kesi ya gazeti la hapahapa, Houston Chronicle, dhidi ya jiji, mwaka 1975. Ndiyo maana barua yangu inataja "taarifa za msingi".

Hatua ya 5: Dirisha la karani wa mahakama

Kaunti ya Harris, kesi za jinai kubwa na ndogo za daraja A na B ziko kwa karani wa wilaya, yaani District Clerk. Tiketi na makosa ya daraja C ziko mahakama ya jiji au kwa hakimu wa amani wa eneo lile. Karani wa kaunti ni mwingine, huko ni mirathi na vyeti vya ndoa. Usipange foleni yake bure.

Majina yetu ndiyo shida. Mtu anaitwa Bahati Juma Mwenda, jela wakamwandika Juma Bahati, na tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari kama ya wakimbizi wengi. Mwambie karani atafute kwa kila mpangilio. Kama uliwahi kuingizwa jela ya Harris, una namba ya SPN, yaani namba yako kwenye mfumo wa kaunti, na hiyo haijali jina limegeuzwa vipi.

Kwa uraia, omba karatasi inayoonyesha kesi iliishaje. Dirishani wanaiita disposition. Sema wazi unataka certified, yaani iliyothibitishwa kwa muhuri. Nakala uliyoichapa nyumbani haitoshi. Kama faili halipo, omba barua ya karani inayosema hivyo.

Na jambo ambalo limewaliza watu: ukitaka kesi ifutwe kabisa, chukua nakala zilizothibitishwa KABLA ya amri ya kufuta. Baada ya amri, kumbukumbu zinaharibiwa, ilhali fomu ya uraia itakuuliza kama umewahi kukamatwa hata kama ilifutwa. Chukua mbili, moja ya kutuma na moja ya sanduku la nyumbani.

Kabla hujatoka, simama pembeni ya dirisha uangalie: jina, namba ya kesi, matokeo, kurasa zote, na muhuri. Wakati mmoja tulifika maegesho ndipo tukagundua ukurasa wa hukumu haumo. Tulirudi, foleni ikaanza upya.