Kabla hujaenda Tumbe au Kojani: tazama mwezi kwanza

Safari ya kijiji cha wavuvi Pemba haipangwi kwa siku ya wiki, hupangwa kwa mwezi mwandamo. Tarehe 1 na 15, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvu: kati ya maji kujaa na kupwa hufika tofauti ya mita 4 hivi. Siku hizo bahari hukauka karibu na saa 4 asubuhi na kujaa karibu na saa 10 jioni, halafu kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Anayetaka kuona kinamama wa mwani na watu wanaochokoa pweza, aje bamvu. Akija tarehe 8 au 23 atakuta maji mafu, mwamba haukauki vizuri. Dagaa wana hesabu yao: huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo giza ndilo wakati wao, na mwezi ukipevuka vyombo vingi hupumzika.

Jiwe la pwani yetu ni matumbawe ya kale, lenye makali kama kisu. Kandambili hukatika ukanda katikati ya mwamba, ukabaki peku penye miiba. Vaa viatu vya mpira vinavyofunika vidole na kufungwa nyuma. Toka kwenda mwambani muda wa saa moja na nusu kabla ya maji kukauka kabisa, na yakianza kujaa geuza. Usingoje kuyaona miguuni, maana hupita kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yako, na wewe ungali umesimama pakavu. Kamba za mwani zilizofungwa kwenye vigingi ni shamba la mtu: zunguka, usiruke. Mchangani penye maji buruta miguu, samaki taa, mwenye mwiba wa sumu mkiani, akusikie mapema akimbie. Akikuchoma, tia mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, dakika 30 hadi 90, kwa sababu joto hupunguza nguvu ya sumu. Kisha nenda kituo cha afya, kwani kipande cha mwiba huweza kubaki ndani.

Ukifika, salamu kwanza, kisha kwa sheha, kiongozi wa serikali wa hapo, na bandarini kwa bwana diko, msimamizi wa diko, yaani pale vyombo vinaposhusha samaki. Picha huombwa kwa kila mtu, na kinamama wana haki ya kukataa bila kueleza. Mwanamke achukue kanga mbili, mwanamume suruali ipite magoti. Adhuhuri ya Ijumaa usitarajie mtu diko, na mchana wa Ramadhani chakula chako kikae mkobani.

Fedha taslimu, tena noti ndogo, zitoe Chake Chake. Za kuvukia kisiwani Kojani ziweke mfukoni, si chini ya begi.

Kama utanunua samaki mnadani, beba barafu kutoka mjini. Tazama matamvua yawe mekundu, macho yasiwe yamezama, na uliza chombo kimefika saa ngapi. Hasa jodari: akikaa juani hujenga sumu isiyotoka hata umkaange vipi, na mlaji huwashwa mdomo, hupiga wekundu usoni na kuumwa kichwa. Muuzaji akisema "amekuja sasa hivi" na ngozi imeshakauka, pita.