Somo: Tone likikataa kutoa fuwele, angalia joto kabla hujagusa dawa

Wengi wanaoniuliza kuhusu fuwele za protini, yaani protini iliyojipanga kama punje za chumvi ili umbo lake lisomwe kwa eksirei, huanza na neno moja: nibadilishe dawa gani? Mimi niko Malindi, na kwa hali ya hewa yetu huwajibu kwa swali jingine: hiyo trei, ile sahani ya visima vidogo unamopanga matone, umeiweka wapi?

Ukitaka kujua kinachotokea ndani ya tone, panda matatu mpaka Gongoni ukatazame mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa bwawa la kwanza, jua likayapunguza, yakasogezwa bwawa la pili yakiwa mazito zaidi. Chumvi haijitokezi mpaka maji yameshindwa kuibeba. Tone la protini lina mwendo huohuo, ila ni maikrolita 4 tu (maikrolita ni sehemu ya milioni ya lita), na maji yake hayaendi angani. Yanahamia kwenye kisima cha trei kilicho chini yake, chenye maji ya chumvi zaidi.

Tujifunze kwa lisozaimu ya ute wa yai. Ndiyo kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za mwili) cha kwanza ambacho umbo lake lilifumbuliwa kwa eksirei, mjini London mwaka 1965, na kundi la David Phillips. Haina makuu, na ikikataa, kosa huwa ni la aliyepanga tone.

Hatua ya 1: Kupanga. Tengeneza bafa (maji yanayoshikilia kiwango cha uchachu, yaani pH) ya asetati ya sodiamu, mola 0.1 (mola hapa ni kipimo cha wingi wa dawa katika lita), pH 4.6. Yeyusha humo lisozaimu, miligramu 50 kwa kila mililita. Chukua trei ya visima 24, na kila kisima ukitie maikrolita 500 za kloridi ya sodiamu iliyoyeyushwa katika bafa hiyohiyo. Anza na mola 0.6 upande mmoja, panda polepole hadi 1.2 upande wa pili. Juu ya kioo chembamba weka maikrolita 2 za protini na 2 kutoka kisimani, pindua kioo, funika kisima.

Hapo tone lina nusu ya chumvi iliyo kisimani na nusu ya protini uliyoanza nayo. Maji yatatoka tone kuelekea kisima mpaka chumvi ilingane, na tone litakuwa limepungua kama nusu. Safari hiyo ndiyo kazi yote. Ikienda mbio unapata mashapo, yaani protini iliyoganda ovyo bila mpangilio. Ikienda taratibu unapata fuwele.

Hatua ya 2: Kuziba. Duara la grisi unalopaka mdomoni mwa kisima lisikatike popote. Ukishabandika kioo, kibonyeze na ukizungushe kidogo, kisha tazama kutoka juu: grisi iliyoshika huonekana angavu pande zote, na penye mstari mweupe pana hewa. Usipange chini ya feni, tone dogo hukauka kabla hujalifunika.

Hatua ya 3: Joto. Hapa nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo Pwani inapotushinda.

Lisozaimu huyeyuka zaidi joto likipanda. Trei iliyo mezani karibu na dirisha la bati hupata moto saa nane mchana, fuwele changa zikayeyuka. Alfajiri inapoa, zikaota upya, nyingi na ndogo. Halafu kuna mvuke: kioo kikipoa haraka kuliko kisima, maji hutunga juu yake na kuingia kwenye tone, na hesabu yako yote imevurugika. Tena, joto likizidi nyuzi 25 hivi, lisozaimu huweza kuacha umbo lake la kawaida na kutoa fuwele za mpangilio mwingine, mara nyingi ndefu na nyembamba. Mtu akiona hizo hudhani amekosea chumvi, kumbe ni joto.

Dawa yake si ghali. Tafuta kasha la kubebea samaki, lililooshwa na kukauka, lisilo na barafu. Panga chupa za maji za lita moja pembeni, trei iwe katikati, funga, uliweke chumba cha ndani mbali na ukuta unaopigwa na jua. Maji hupata joto polepole na kupoa polepole. Tia kipimajoto humo na uandike asubuhi, mchana na usiku kwa siku tatu kabla hujapanga tone lolote. Nyuzi 27 zisizotikisika, hata zikileta zile fuwele ndefu, zina faida kuliko 20 zinazoruka mpaka 30 umeme ukikatika.

Shida hii haikuanza na sisi. James Sumner, aliyepata fuwele za urease, kimeng'enya kingine, mwaka 1926 huko Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na kuzawadiwa Nobel mwaka 1946, alianza kazi bila kasha la baridi. Yeye na wenzake waliacha vyombo kwenye kingo za madirisha wakiomba usiku uwe wa baridi.

Hatua ya 4: Kusoma tone. Tazama baada ya saa moja, siku ya pili, ya nne na ya saba, uchore unachokiona. Mashapo ya kahawia yaliyoganda papo hapo: punguza protini kwa nusu. Tone safi wiki nzima: ongeza chumvi au protini, kimoja kwa wakati. Vumbi la fuwele, mamia kwa tone moja: viini (mbegu ambazo fuwele huanzia) vimezidi, kwa hiyo izungushe protini kwenye sentrifuji au ichuje kwanza, kisha shusha chumvi kidogo. Ngozi juu ya tone ni protini iliyoharibika. Usiichokoe, panga jipya.

Hatua ya 5: Je, ni protini kweli? Niliwahi kulea fuwele nzuri mno kwa siku nane. Protini ilikuwa kwenye bafa ya fosfati, na kisimani mlikuwa na kalsiamu. Nilipozigusa kwa sindano chini ya hadubini, zilikwaruza kama mchanga chini ya jino. Ilikuwa chumvi ya fosfati. Fuwele ya protini ina maji mengi, mara nyingi karibu nusu yake. Ukiigusa hubomoka kama biskuti iliyochovywa chai. Toa moja muhanga mapema. Vinginevyo tia tone dogo la rangi ya bluu ya methilini: fuwele ya protini huinywa rangi, ya chumvi hubaki nyeupe.

MASWALI

Mwanachama, Gongoni: Mwalimu, chumvi imejaa huku kwetu. Kwa nini ninunue ya maabara?

Jibu: Kaka, ya dukani imetiwa madini ya joto na kitu cha kuzuia isigande, na ile ya shambani ina magnesiamu na kalsiamu. Unaweza kupata fuwele, ila ukikosa hutajua umekosea wapi. Anza na safi.

Mwanafunzi, Lamu: Assalaam aleikum mwalimu. Nimesikia watu hutumia sharubu za paka kupandikiza viini. Ni kweli? Paka huku hawana hesabu.

Jibu: Waaleikum salaam mwanangu. Ni kweli kabisa, na maabara kubwa hufanya hivyo. Usimng'oe paka, okota iliyoanguka, unywele wa mkia wa punda pia unafaa. Uoshe kwa spiriti, uukaushe, ugusishe kwenye fuwele ndogo, kisha uupitishe mara moja katikati ya tone jipya lililo safi. Tone hilo liwe na chumvi pungufu kidogo ya kiwango kinachotoa fuwele zenyewe. Kesho yake utaona fuwele zimejipanga kwenye mstari ulipopita. Zikiwa nyingi mno, pitisha unywele huohuo kwenye tone la pili na la tatu bila kuuchovya tena.

Mwanachama, Malindi: Fuwele zangu zilipelekwa ng'ambo kupigwa eksirei zikiwa zimegandishwa. Picha ilirudi na miduara mieusi, na vidoa vinavyotolewa na fuwele vikiwa vichache. Fuwele mbovu?

Jibu: Dada, soma miduara iko wapi. Ikiwa kwenye angstromu (kipimo cha umbali mdogo sana, wa ukubwa wa atomu) 3.9, 3.67 na 3.44, hiyo ni barafu. Maji yaliganda kabla ya kupata kinga. Chovya fuwele kwenye maji ya kisima yaliyotiwa gliseroli asilimia 25, sekunde chache tu, ndipo uitumbukize kwenye naitrojeni ya kimiminika. Ikipasuka ndani ya gliseroli, panda kwa ngazi: 5, 10, 15, mpaka 25.

Yuleyule: Na kama bado vidoa ni vichache?

Jibu: Basi omba wapige eksirei fuwele moja bila kuigandisha kabisa. Ikitoa vidoa vizuri, fuwele ni nzima na kugandisha ndiko kunakoiua. Isipotoa, rudi kwenye kasha la samaki, uniletee kwanza namba za kipimajoto.